Simu ya Kupangusa Ipimwe kwa Kidole

Swali ambalo wasikilizaji wa mazungumzo haya wamekuwa wakiniletea mara kwa mara ni fupi, lakini jibu lake si fupi. Wanauliza: nitajuaje kwamba simu ya kupangusa ninayouziwa ni nzuri? Wapo wanaouliza wakiwa bado wamesimama nje ya duka pale Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, pesa zikiwa mfukoni. Wapo wanaouliza baada ya pesa kutoka, na hao ndio ninaowahurumia zaidi. Kwa watu wengi wa mjini simu hiyo ni mshahara wa mwezi mzima au zaidi, na ndani yake ndimo zilimo akiba, namba za wateja na picha za wazazi waliokwisha kututoka.

Leo sitataja ni simu gani mtu anunue. Jina nitakalolitaja litakuwa limepitwa na wakati kabla ukurasa huu haujafungiwa vitumbua. Nitajibu kwa njia ya historia, kwa sababu moja: karibu kila kipimo cha maana cha simu ya kupangusa kilizaliwa na kasoro ya simu iliyowahi kuuzwa kwa mbwembwe nyingi. Mtu anayezijua kasoro hizo, na anayejua zilitokana na nini, si rahisi kudanganywa na maandishi ya kwenye boksi.

Kwanza tuondoe dhana moja iliyoenea. Watu wengi huamini kwamba kioo cha kugusa kilibuniwa na kampuni ya Apple mwaka 2007. Sivyo. Mwaka 1965 mhandisi wa Kiingereza aitwaye E. A. Johnson, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha serikali cha utafiti wa rada kwenye mji wa Malvern, alichapisha makala fupi akieleza jinsi kioo kinavyoweza kutambua kilipoguswa na kidole cha mtu. Alikuwa akiwafikiria waongozaji wa ndege, watu ambao wanapaswa kuchagua jambo moja kati ya mengi kwa haraka, na ambao wakibofya pasipo mahali pake kuna abiria angani watakaolipa.

Miaka saba baadaye, mwezi Machi 1972, mhandisi wa Kidenmaki aitwaye Bent Stumpe aliandika kwa mkono pendekezo linalofanana na hilo kwenye kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN, karibu na Geneva. Kituo kilikuwa kinajenga mtambo mkubwa sana wa kuongeza mwendo wa chembe za atomu, na chumba cha kuuongozea kingehitaji vitufe na swichi maelfu. Stumpe na mwenzake Frank Beck wakaona ni afadhali kuwe na kioo chenye vitufe 16 tu, ambavyo maana yake inabadilishwa na kompyuta kulingana na kazi iliyopo. Mtambo huo ulipoanza kazi mwaka 1976, vioo hivyo vilikuwapo.

Nawataja watu hawa kwa sababu kazi yao inatukumbusha kioo cha kugusa kilitafutwa kwa ajili gani. Hakikutafutwa kwa ajili ya urembo wala kuangalia filamu kitandani. Kilitafutwa ili mashine ifanye kile ambacho kidole kimekusudia, papo hapo, bila kubahatisha. Hicho ndicho kipimo cha kwanza, na hadi leo sijaona boksi la simu lililokiandika.

Huko Marekani, mapema miaka ya 1970, mwanafizikia Sam Hurst na wenzake walishika njia nyingine, na hapo ndipo mambo yalipogawanyika. Vioo vya Johnson na Stumpe vilihisi umeme. Njia ya Hurst ilitegemea kubonyezwa. Katika kioo cha namna hiyo kuna matabaka mawili membamba yaliyoachana kidogo sana, la juu likiwa la plastiki inayobonyea. Yote mawili yamepakwa kitu kinachopitisha umeme bila kuzuia mwanga. Ukibonyeza, matabaka hugusana, na mashine hupima umeme ili kujua yamegusana wapi. Mafundi hukiita kioo cha aina hiyo resistivu. Mimi katika mazungumzo haya nitakiita kioo cha kubonyea, na kile kingine kioo cha kuhisi.

Kioo cha kubonyea kilikuwa rahisi kutengeneza, na kilikubali kubonyezwa kwa kitu chochote: ukucha, kalamu, njiti ya kiberiti, kidole ndani ya glovu. Kwa miaka karibu 30 ndicho kilichotawala. Kilikuwa kwenye mashine za kupokelea fedha madukani, na ndicho kilichokuwa kwenye kile kitabu cha kielektroniki kiitwacho Palm Pilot, kilichotoka mwaka 1996 pamoja na kijiti chake cha kuandikia. Hali kadhalika ndicho kilichokuwa kwenye simu ya kwanza ya kugusa kuuzwa kwa umma, na hiyo nataka tukae nayo kidogo.

Simu hiyo iliitwa Simon. Ilitengenezwa na IBM na kuuzwa Marekani na kampuni ya BellSouth kuanzia tarehe 16 Agosti 1994. Wakati huo mimi nilikuwa bado mwanafunzi, na hapa Tanzania simu za mkononi ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza, zikiwa mali ya mabwana wachache waliozishika kama fimbo ya uchifu. Simon ilikuwa ikituma na kupokea faksi, ilikuwa na barua pepe, kalenda, kikokotoo, daftari la anwani na mahali pa kuchorea kwa kijiti. Bei yake ilikuwa dola 899 kwa aliyeingia mkataba wa miaka miwili, na dola 1,099 kwa asiyeingia. Uzito wake ulikuwa gramu 510, yaani zaidi kidogo ya pakiti ya sukari ya nusu kilo.

Ukichukua orodha ya mambo iliyoweza kufanya, hakuna simu ya mwaka ule ingeshindana nayo. Ndiyo iliyobashiri simu tulizo nazo sasa. Lakini betri yake ilimudu takriban saa moja tu ya maongezi. Hebu fikiria, ndugu msomaji: umenunua ofisi nzima ya mkononi, nayo inafungwa baada ya saa moja. Ziliuzwa simu kama 50,000 hivi, na mwezi Februari 1995 mauzo yakasimamishwa. Simu nyembamba zilizokuja wakati huohuo, zisizojua lolote zaidi ya kupiga na kupokea, zikaishinda.

Tangu hapo tunajua kwamba orodha ndefu ya kazi haina maana iwapo umeme hautoshi kuzifanya. Wauzaji wanajua hivyo pia, ndiyo maana siku hizi betri imeandikwa kwa herufi kubwa nje ya boksi: 5,000, 6,000. Ila namba hiyo ni ukubwa wa debe tu, haisemi maji yanatoka kwa kasi gani. Kioo kikubwa chenye mwanga mkali kinakunywa, prosesa ya zamani inakunywa, na mtandao hafifu unaoifanya simu itafute mnara bila kupumzika unakunywa pia. Simu mbili zenye betri sawa zinaweza kupishana saa kadhaa.

Sasa turuke hadi mwaka 2007, mwaka ambao hukumu ya karatasi na hukumu ya kidole ziligongana hadharani.

Mwezi Machi mwaka ule Nokia ilianza kuuza simu ya N95. Ilikuwa na kamera ya megapikseli 5, mtandao wa kizazi cha tatu, ramani za setilaiti, na ilirekodi video. Tarehe 29 Juni ikaanza kuuzwa iPhone ya kwanza. Kamera yake ilikuwa megapikseli 2. Haikurekodi video, haikuwa na mtandao wa kizazi cha tatu, haikuweza kutuma picha ndani ya ujumbe wa kawaida wa simu, na ukitaka kunakili maneno kutoka mahali fulani uyabandike pengine, ulikuwa huwezi. Kwa karatasi, N95 iliibwaga vibaya sana, na wapo waandishi wenzangu walioipima kwa karatasi wakaicheka iPhone.

Kilichowapita ni kioo. Chini ya kioo cha iPhone kulikuwa na mistari myembamba isiyoonekana, mingine imelala na mingine imesimama, kama nyuzi za chandarua. Mwili wa binadamu hupitisha umeme. Kidole kinapokaribia mahali nyuzi zinapokatizana huchukua chaji kidogo sana, na mashine huupima upungufu huo mara nyingi kila sekunde. Hakuna kinachobonyea, na hakuna haja ya nguvu. Zaidi ya hayo, mashine inatambua vidole viwili kwa pamoja, ndiyo maana mtu aliweza kukuza picha kwa kutanua vidole.

Ujuzi huo haukuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 2005 Apple ilikuwa imeinunua kampuni ndogo iitwayo FingerWorks, iliyoanzishwa na Wayne Westerman na John Elias wa Chuo Kikuu cha Delaware. Westerman alikuwa na maumivu ya mikono yaliyotokana na kuchapa, hata kibodi ya kawaida ikawa mateso kwake. Alitafuta kitu ambacho kingemtii bila kukibonyeza kwa nguvu. Kwa maneno mengine, ulaini ule wa kupangusa ambao leo tunauona jambo la kawaida ulitafutwa na mtu mwenye vidole vinavyouma. Wala Apple haikuwa peke yake. LG ya Korea ilikuwa imetangaza simu yake ya Prada, yenye kioo cha kuhisi, tangu Desemba 2006.

Kampuni nyingine zilichukua muda kuelewa. Nokia ilipoleta simu yake maarufu ya 5800 mwishoni mwa 2008 iliweka kioo cha kubonyea, ikaifungasha na kijiti cha kuchokolea na kipande cha plastiki kama cha kupigia gitaa. BlackBerry nayo, mwaka uleule, ilitengeneza simu ya Storm ambayo kioo chake chote kilikuwa kitufe kimoja kikubwa, ukikigusa lazima ukikandamize mpaka kilie. Wanunuzi wengi walilalamika. Kuanguka kwa makampuni haya kulikuwa na sababu nyingi, na nisingependa kudai kwamba kioo peke yake ndicho kilichoifanya Nokia iuze biashara yake ya simu kwa Microsoft, mauzo yaliyokamilika Aprili 2014. Lakini mteja wa dukani alikuwa anapima kwa kidole, huku wenye kampuni wakipima kwa orodha.

Kuhusu ugumu wa kioo nitasema machache, japo ndilo jambo linaloulizwa sana. Simu za majaribio za iPhone zilikuwa na uso wa plastiki, na plastiki ilikwaruzwa na funguo mfukoni. Siku kumi na moja tu kabla ya kuuzwa, tarehe 18 Juni 2007, Apple ilitangaza kwamba uso utakuwa wa kioo halisi. Kilitoka kwa Corning, kampuni ya Marekani iliyokuwa imeanza kutafiti vioo vya namna hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuviweka kando kwa kukosa wanunuzi. Kioo hutumbukizwa kwenye chumvi ya moto iliyoyeyuka. Chembe ndogo za sodiamu hutoka na nafasi zake huchukuliwa na chembe kubwa za potasiamu, uso ukabanwa na kuwa mgumu. Hata hivyo, muuzaji akikuonyesha kwa kukwaruza kioo na funguo, usishangae. Chuma cha funguo ni laini kuliko kioo. Adui wa kioo chetu ni mchanga, maana punje zake nyingi ni ngumu kuliko kioo, na sisi watu wa pwani mchanga tunao hata ndani ya mifuko ya suruali.

Huku kwetu hadithi ilikuwa na sura yake. Kati ya mwaka 2008 na 2012 masoko ya Dar es Salaam na Nairobi yalijaa simu za kugusa kutoka Uchina zenye majina yaliyokaribiana na majina makubwa, herufi moja imepotea au imezidi. Wengi wetu tunazikumbuka: zilikuwa na antena ya televisheni, laini mbili, spika za kutingisha daladala, na kijiti kilichochomekwa pembeni. Nyingi zilikuwa na vioo vya kubonyea. Baada ya miezi michache plastiki ililegea, ukigusa kona ya kulia linaitika jambo la kushoto, na mwenye simu anaambiwa abonyeze alama za msalaba kwenye pembe ili kioo kikumbuke pembe zake.

Mwaka 2011 Safaricom ya Kenya ilianza kuuza Huawei IDEOS kwa bei iliyokaribia dola 100. Ilikuwa simu ndogo, kioo cha inchi 2.8 chenye nukta 240 kwa 320, betri ya 1,200 tu. Lakini kioo kilikuwa cha kuhisi, na programu zake zilikuwa Android halali. Wakenya waliichangamkia. Kwa maoni yangu simu ile ilifanya kazi kubwa kuliko umbo lake, kwa sababu iliwaonyesha watu wa kipato cha kawaida kwamba bei ndogo hailazimishi kioo cha kubahatisha.

Zile bandia zilikuwa na mwisho wake. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2012 mamlaka ya mawasiliano ya Kenya ilizizima kwenye mitandao simu bandia zinazokaribia milioni 1.9. Tanzania ilifanya hivyo usiku wa kuamkia tarehe 17 Juni 2016, chini ya TCRA. Wananchi walifundishwa kubonyeza *#06# ili kuona namba ya utambulisho yenye tarakimu 15, kisha kuihakiki. Kibonyezo hicho bado kinafanya kazi, na namba utakayoiona ilingane na ile ya kwenye boksi. Nakumbuka watu walioamka asubuhi wakiwa wameshika vipande vya plastiki, na wengi hawakuwa wametenda kosa lolote zaidi ya kumwamini mtu aliyekuwa nyuma ya meza.

Ubandia haukuisha, ulihamia ndani. Zipo simu za kuigiza ambazo programu zake zimechezewa ili zikiulizwa zina memori kiasi gani zijibu uongo. Na hata upande wa halali kuna ujanja wa maneno. Ukiona boksi limeandikwa memori 16, soma maandishi madogo: mara nyingi ni 8 za kweli na 8 za kukopa kutoka kwenye ghala la kuhifadhia picha, ambalo ni la polepole zaidi. Kamera nayo ni hivyohivyo. Samsung ilipotoa simu yenye kamera ya megapikseli 108 mwaka 2020, kwa kawaida picha zake zilitoka na megapikseli 12, kwa kuwa nukta tisa zinaunganishwa kuwa moja. Si udanganyifu, zina faida yake gizani, lakini anayenunua kwa namba anahesabu nukta tisa pale ambapo picha ina moja.

Basi turudi kwenye kioo, maana hapo kuna jaribio ambalo natamani kila mnunuzi alijue, nalo ni la bure. Januari 2010 kampuni ya usanifu ya Marekani iitwayo MOTO ilichukua simu kadhaa za kuhisi, ikafungua programu ya kuchorea, na kuchora mistari ya mshazari kwa kidole, polepole. Ilikuwa kana kwamba ni mchezo wa watoto. Kwenye iPhone mistari ilikaribia kunyooka. Kwenye Motorola Droid, simu iliyosifiwa sana wakati ule, mistari ilitoka kama mawimbi.

Sababu yake ni ile chandarua. Kidole hakitui kila mara juu ya makutano ya nyuzi, mara nyingi hutua katikati, na mashine lazima ikadirie. Nyuzi zikiwa za mbalimbali au programu ikiwa dhaifu, makadirio huyumba, na mstari huyumba pamoja nayo. Ukichora kwa haraka huoni kitu. Ukichora polepole, siri inatoka. Mstari unaoyumba leo ndio herufi isiyo yako itakayoingia kesho kwenye namba ya mtu unayemtumia pesa.

Jaribio la pili linahusu kuchelewa. Mwaka 2012 watafiti wa Microsoft walionyesha kwamba vioo vya kawaida vya wakati ule vilichelewa kidole kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya sekunde, wakavilinganisha na cha maabara kilichochelewa sehemu moja ya elfu. Wewe huhitaji maabara. Shika alama yoyote kwenye kioo uiburute huku na huku upesi, uangalie inabaki nyuma ya kidole kwa umbali gani. Kisha iburute taratibu juu ya uso mzima, pembe hadi pembe. Ikidondoka mahali pamoja kila mara, hapo pana sehemu iliyokufa. Kwa simu iliyotumika, jambo hili ni la lazima, kwa kuwa nyingi zimekwishapasuka na kuwekewa kioo cha bei nafuu na mafundi, na kioo hicho huonekana kizima mpaka utakapokiburutia kitu.

La tatu, chomeka chaja, tena ile utakayoitumia nyumbani. Kioo cha kuhisi kinapima chaji ndogo mno, na chaja mbovu huingiza kelele za umeme zinazoivuruga hesabu hiyo. Simu inaanza kujibofya yenyewe, herufi zinaruka, watu wanasema imeingiwa na jini. Nimeshuhudia simu ya jamaa yangu ikipelekwa kwa fundi mara mbili, ikabadilishwa kioo kwa pesa nzuri tu, na mwisho ikaonekana mgonjwa alikuwa chaja ya barabarani.

Maji pia yanapitisha umeme, na hapo nafika kwenye jambo ambalo watengenezaji hawapendi kulizungumza. Kioo cha kuhisi kilipokishinda kioo cha kubonyea, tulipata ulaini, lakini tulipoteza kitu. Kile cha zamani hakikujali kidole ni cha nani. Hiki cha sasa kinataka kidole kikavu chenye ngozi laini. Ngozi iliyokomaa kwa sugu haipitishi umeme vizuri, na kidole chenye maji kinakichanganya. Watu wasioona ndio walioachwa kabisa, kwa kuwa juu ya kioo tambarare hakuna kitufe cha kupapasa. Mpaka mwaka 2009 ndipo iPhone ilipowekewa sauti ya kusoma kilichopo chini ya kidole. Tangu hapo, sauti hiyo nayo ni kitu cha kupima, hasa kama simu ni ya mzazi anayepoteza nuru ya macho.

Mwaka jana mama mmoja anayeuza samaki Ferry aliniletea malalamiko hayo kwa maneno yake. Simu yake ya kupangusa alinunuliwa na mwanawe, haikuwa ya bei mbaya, ila asubuhi akiwa kazini haimsikii.

"Mwanangu mtangazaji," aliniambia, "hii simu inanibagua. Mjukuu wangu akiigusa inaitika, mimi hata nikiipiga kofi imenyamaza."

"Shikamoo mama," nilisema kwanza, maana nilikuwa sijamwamkia, kisha nikamwomba nione vidole. Vilikuwa vimekomaa kwa chumvi na magamba ya miaka mingi.

Tatizo lake si geni na lina dawa za kiasi. Nokia ilionyesha mwaka 2012, kwenye simu yake ya Lumia 920, kwamba kioo cha kuhisi kinaweza kutengenezwa kiitikie hata glovu na ukucha. Baadhi ya simu za leo zina sehemu katika mipangilio ya kuongeza wepesi wa kioo kuhisi, iliyowekwa kwa ajili ya wanaobandika protekta, nayo inasaidia pia vidole vigumu. Protekta nene yenyewe inafaa kuondolewa. Lakini simu hutofautiana, na tofauti hiyo haikuandikwa popote.

Kwa hiyo tulipokwenda naye dukani mwezi uliofuata, kuuza ile ya kwanza na kuongeza pesa kidogo, alibeba chupa ya maji. Alilowesha vidole, akavifuta kwenye khanga kama anavyofuta akiwa kazini, akajaribu simu nne zilizokuwa mezani, kila moja akiandika namba yake mwenyewe tarakimu kumi. Kijana wa dukani alitaka kumzuia. Nilimwambia amwache mama yake anunue anavyojua. Mbili hazikuitika sawasawa, na mojawapo ndiyo iliyokuwa ya bei kubwa kuliko zote. Ya tatu iliandika tarakimu zote kumi bila kukosea, mara mbili. Tukachomeka chaja, akaandika tena. Kijana akatoa kitambaa, akafuta maji kwenye kioo, akapunguza shilingi elfu kumi.